Charles Huggins: Daktari aliyeinyima saratani homoni

JINA la Charles Brenton Huggins limo katika historia ya tiba tangu mwaka 1941, alipothibitisha kwamba saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa mwilini huweza kunywea iwapo itanyimwa homoni za kiume. Kisichofahamika kwa wengi ni kwamba wazo hilo, lililozaliwa katika tezi ndogo iliyojificha chini ya kibofu cha mkojo, hii leo linafuatiliwa na watafiti wa saratani ya ngozi.

Kwa miongo mingi mabingwa wa melanoma, saratani ya ngozi inayoogopwa kuliko nyingine, wametatizwa na jambo moja. Wanaume hufa kwa ugonjwa huo kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake, hata pale uvimbe unapogunduliwa ukiwa na unene ule ule na wagonjwa wakiwa na umri unaolingana. Ilidhaniwa kwamba chanzo ni wanaume kuchelewa kwenda hospitali, au kufanya kazi juani bila kujikinga. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayakutosha kuziba pengo lote.

Ndipo macho yalipogeukia homoni na vipokezi vyake. Kipokezi ni protini iliyomo ndani ya seli au juu ya ukuta wake, ambayo hukaa kama mwenyeji aliyeagizwa kumfungulia mgeni mmoja tu. Homoni ikisafiri katika damu hupita seli nyingi bila kuzigusa, lakini ikifika penye kipokezi chake hupokewa, na seli hupata amri: kua, gawanyika, tulia, au badilika. Seli za ngozi zinazo vipokezi vya namna hiyo, na baadhi ya uvimbe wa ngozi huendelea kuwa navyo.

Kabla ya Huggins, matabibu wengi waliihesabu saratani kuwa uasi uliokamilika. Seli iliyogeuka saratani, iliaminika, imekwisha kukata kamba zote na haisikii tena amri yoyote ya mwili. Daktari alibakiwa na kisu na mionzi, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa umeshaingia mifupani alibakiwa na mofini.

Mtu aliyeitikisa imani hiyo alizaliwa Septemba 22, 1901 huko Halifax, mji wa bandari ulioko Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Baba yake alikuwa mfamasia. Kijana Huggins alimaliza shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Acadia, jimboni kwao, mwaka 1920, akavuka mpaka na kuingia shule ya tiba ya Harvard nchini Marekani. Alihitimu udaktari mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 22 tu.

Mafunzo ya upasuaji aliyapata katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1927 mambo mawili makubwa yalimjia kwa pamoja: alimwoa Margaret Wellman, na akaajiriwa katika shule mpya ya tiba ya Chuo Kikuu cha Chicago akiwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Chicago ndiyo ikawa maskani yake kwa karibu miaka 70 iliyofuata. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1933.

Mkuu wa idara ya upasuaji, Dallas Phemister, alimkabidhi sehemu ya magonjwa ya njia ya mkojo. Kichekesho ni kwamba Huggins hakuwa na utaalamu wowote katika fani hiyo. Alifunga mlango na kuisoma vitabuni, na kutoka hapo akawa bingwa. Huenda kutofundishwa na mtu ndiko kulikomsaidia, kwa maana hakurithi mazoea ya waliomtangulia, wala hakujua ni maswali gani yaliyokwisha kuonekana kuwa hayana tija.

Mwaka 1931 alikwenda Ulaya kujinoa. Mjini London alijifunza habari za vimeng'enya viitwavyo fosfatasi kwa Robert Robison wa Taasisi ya Lister, kisha akaelekea Berlin kwa Otto Warburg, mkemia ambaye mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Warburg alikuwa mtu wa vipimo. Kwake yeye, tatizo lisilopimika lilikuwa bado halijawa tatizo la sayansi. Huggins alirudi Chicago na tabia hiyo, na haikumtoka tena.

Kazi yake ya awali ilihusu mifupa. Alionyesha kwamba utando wa ndani wa kibofu cha mbwa ukipandikizwa ndani ya misuli, mfupa huota mahali pasipo na mfupa. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, na lilimfungulia njia ya kupima fosfatasi katika damu, ujuzi ambao miaka kumi baadaye ungemwezesha kuona kile ambacho wengine hawakukiona.

Mbwa wa Chicago

Tezi dume kazi yake kubwa ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Huggins alitaka kujua ni nini kinachoiamuru tezi hiyo kufanya kazi na ni nini kinachoituliza. Mnyama aliyemfaa alikuwa mbwa, kwa sababu mbwa, kama alivyo mwanadamu, hupata uvimbe wa tezi dume anapozeeka. Wanyama wengi wengine hawapati.

Mwaka 1939 yeye na wenzake walieleza namna ya kuitenga tezi hiyo kwa upasuaji ili majimaji yake yatoke kupitia mrija na kukusanywa safi, siku baada ya siku, kwa miezi. Kwa njia hiyo kazi ya tezi iliweza kupimwa kwa mililita. Mbwa alipoondolewa korodani, majimaji yalikauka. Alipodungwa testosteroni, yalirudi. Alipodungwa estrojeni, homoni ya kike, yalipungua tena ingawa testosteroni ilikuwamo.

Baadhi ya mbwa wazee walikuja maabara wakiwa tayari na uvimbe. Mwanzoni hao walikuwa kero, maana walivuruga vipimo. Lakini Huggins aligundua kwamba mbwa mwenye uvimbe akihasiwa, au akipewa estrojeni, uvimbe nao hunywea upesi. Kuanzia hapo wale waliokuwa kero wakawa ndio wanaotafutwa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mtu kushuku kwamba viungo vya uzazi vina mkono katika saratani. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, George Beatson, alitangaza kwamba ameondoa ovari za wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuwa kubwa, na uvimbe ukapungua. Lakini wakati wa Beatson homoni hazikuwa zimejulikana hata kwa jina, na matokeo yake hayakutabirika. Wanawake wengine walipata nafuu na wengine hawakupata. Njia ile ilififia. Huggins alikuwa na kitu ambacho Beatson hakuwa nacho, nacho ni kipimo cha damu.

Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman wa New York walikuwa wameonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa huwa na fosfatasi ya asidi kwa wingi katika damu. Huggins, akiwa na mwanafunzi wake Clarence Hodges, alichukua kipimo hicho na kukitumia kama dira. Wanaume walipoondolewa korodani, kiwango cha kimeng'enya hicho kilishuka. Walipopewa estrojeni, kilishuka vilevile. Walipodungwa homoni ya kiume, kilipanda.

Jaribio hilo la mwisho lingeulizwa maswali mazito mbele ya kamati yoyote ya maadili ya siku hizi, kwani lilikuwa ni kuuchochea ugonjwa kwa makusudi ndani ya mtu anayeumwa. Hata hivyo ndilo lililokamilisha hoja. Haikuonyesha tu kwamba saratani hudhoofika inaponyimwa homoni, bali pia kwamba huamka inapolishwa.

Matokeo ya wagonjwa 21 wenye saratani iliyokomaa yalichapishwa mwaka 1941. Wanaume waliokuwa wamelazwa kwa maumivu ya mifupa walianza kupata nafuu ndani ya siku chache, hamu ya chakula ikarudi, na baadhi yao wakainuka vitandani. Kati ya hao 21, wanne waliishi zaidi ya miaka 12. Hadi siku hiyo hapakuwa na dawa wala kitu chochote kinachoingia katika damu kilichokuwa kimethibitika kuirudisha nyuma saratani iliyosambaa.

Bei ya nafuu hiyo haikuwa ndogo. Kumwambia mwanamume kwamba ili aishi hana budi kuondolewa korodani ni jambo gumu katika lugha yoyote, na katika jamii zinazopima utu uzima wa mwanamume kwa watoto aliowazaa ni gumu zaidi. Mgonjwa alipoteza nguvu za kiume, alipata majoto ya ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi, na misuli yake ililegea. Vidonge vya estrojeni ya kutengenezwa, iliyobuniwa na Charles Dodds wa London mwaka 1938, vilimwepusha mgonjwa na kisu, lakini katika miaka ya 1960 ilibainika kwamba kwa vipimo vikubwa vilisababisha vifo vya magonjwa ya moyo.

Baadaye zilikuja sindano zinazozima homoni bila upasuaji, ambazo Marekani iliziruhusu kuanzia mwaka 1985. Katika hospitali nyingi za Afrika, zikiwamo za ukanda wetu ambako saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume, upasuaji ule ule wa Huggins bado unafanywa kwa sababu gharama yake hulipwa mara moja, ilhali sindano hurudiwa miezi nenda miezi rudi.

Tatizo jingine lilijitokeza mapema. Kwa wagonjwa wengi saratani ilirudi. Huggins alishuku tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, kwamba nazo hutengeneza homoni zinazofanana na zile za korodani. Mwaka 1945 alieleza jinsi alivyoziondoa kwa wagonjwa wachache, lakini mwanadamu hawezi kuishi bila tezi hizo na wakati huo hapakuwa na dawa ya kuziba nafasi yake. Ilimlazimu kungoja hadi kotisoni ilipopatikana. Mwaka 1951, akiwa na Delbert Bergenstal, alirudia upasuaji huo, safari hii wagonjwa wakiishi kwa vidonge, na akauhamishia pia kwa wanawake wenye saratani ya matiti.

Baadhi ya wanawake hao walipata nafuu kubwa. Wengine, waliofanana nao kwa kila hali iliyoonekana kwa macho, walipasuliwa bure. Swali likawa moja: nani atasaidiwa, na nani ataumizwa bila faida?

Kipokezi chapatikana

Mwaka 1951 Huggins alikabidhiwa uongozi wa Maabara ya Ben May ya utafiti wa saratani katika Chuo Kikuu cha Chicago, iliyopewa jina la mfadhili wake, mfanyabiashara wa mbao kutoka Alabama. Aliiongoza hadi mwaka 1969 kwa mtindo wake mwenyewe. Hakupenda vikao na hakupenda makundi makubwa ya watafiti. Mkuu wa maabara, kwa imani yake, alipaswa kushika panya kwa mikono yake mwenyewe, na yeye alifanya hivyo hadi uzeeni. Faraja yake ilikuwa muziki wa Bach na Mozart.

Miongoni mwa vijana aliowachukua alikuwapo mkemia Elwood Jensen, aliyejiunga naye mwaka 1947 akitokea Uswisi, ambako alikuwa pia ameupanda mlima Matterhorn bila kuwa mpanda milima. Jensen alijiuliza swali tofauti na la wenzake. Wakati wengi walitafuta estrojeni inafanya nini ndani ya seli, yeye aliuliza estrojeni yenyewe inafanywa nini.

Aliitia alama ya mionzi kwa kutumia tritiamu, akawadunga panya majike wachanga, kisha akafuata nyayo zake. Katika damu na misuli homoni ilipita na kuondoka. Katika mfuko wa uzazi ilinaswa, ikakaa, bila kubadilishwa umbo. Kulikuwa na kitu humo ndani kilichoishika. Mwaka 1958 alipoeleza matokeo hayo katika kongamano la kimataifa mjini Vienna, waliokuja kumsikiliza walihesabika kwa vidole. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu ya vipokezi vya homoni.

Kwa ugunduzi huo, swali la wanawake waliopasuliwa bure lilipata jibu. Uvimbe wa titi wenye vipokezi vya estrojeni una uwezekano wa kuitikia tiba ya homoni. Usio navyo hauna sababu ya kuitikia. Kipimo cha vipokezi kikawa cha lazima, na hadi leo hakuna bingwa wa saratani ya matiti anayepanga tiba bila kukisoma. Jensen alifariki dunia mwaka 2012 bila kupata Nobel, na wapo wengi wanaoona kwamba hakutendewa haki.

Huggins mwenyewe aliipata mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 65. Aligawana na Peyton Rous, mzee wa miaka 87 aliyekuwa amengoja tangu mwaka 1911, alipogundua virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Kwa kawaida Rous hukumbukwa kwa kuku hao tu. Lakini yeye pia alifanya kazi kubwa juu ya ngozi. Mwaka ule ule wa 1941 ambapo Huggins alitangaza habari za tezi dume, Rous na John Kidd walieleza uvimbe wa ngozi ya sungura uliosababishwa kwa kupakwa lami. Upakaji uliposimamishwa, uvimbe mwingi ulitoweka. Ulipoanzishwa tena, uvimbe ulirudi mahali pale pale.

Hivyo watu wawili waliosimama jukwaa moja mjini Stockholm walikuwa wamefika, kila mmoja kwa njia yake, katika jambo linalofanana: zipo saratani ambazo haziishi kwa nguvu zake zenyewe, bali hutegemea kitu cha nje kinachozishikilia.

Mwaka 1961 Huggins aliwapa watafiti nyenzo nyingine. Alionyesha kwamba panya jike mwenye umri wa siku 50, akilishwa mara moja tu kemikali iitwayo kwa kifupi DMBA ikiwa imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta, hupata saratani ya matiti karibu bila kukosa, na nyingi kati ya saratani hizo hunywea ovari zinapoondolewa. Kemikali hiyo ilikwisha kujulikana kwa watafiti wa ngozi, ambao kwa miaka mingi waliitumia kuanzisha uvimbe katika migongo ya panya.

Kutoka tezi hadi ngozi

Mafanikio ya kipimo cha vipokezi katika saratani ya matiti yaliwatia watu hamu. Katika miaka ya 1970 maabara kadhaa zilianza kuvitafuta katika melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Baadhi zilitangaza kwamba zimevipata vipokezi vya estrojeni. Furaha hiyo iliingia doa. Seli za melanoma zina kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, ambacho ndicho hutengeneza rangi, na ilionekana kwamba kimeng'enya hicho kinaweza kuishambulia estrojeni yenye alama ya mionzi na kutoa jibu la uongo. Sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa kipokezi hakikuwa kipokezi.

Tiba nayo ilijaribiwa. Mwaka 1992 madaktari wa Italia walitoa ripoti ya wagonjwa wa melanoma iliyosambaa waliopewa tamoxifen, dawa inayozuia estrojeni, pamoja na dawa ya saratani ya dacarbazine. Waliopata zote mbili walionekana kufanya vizuri kuliko waliopata moja, na wanawake walionufaika walikuwa wengi. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata katika miaka hiyo ya 1990 hayakuonyesha kwamba tamoxifen inarefusha maisha. Wengi wakalifunga jalada.

Lilifunguliwa tena kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, wakiongozwa na Jan-Åke Gustafsson, waligundua kwamba kipokezi cha estrojeni alichokifuata Jensen si cha pekee. Kipo cha pili, kilichopewa jina la beta, na walikipata katika tezi dume ya panya, yaani kiungo kile kile ambacho Huggins alikitumikia maisha yake yote. Baadaye ilithibitika kwamba katika seli za rangi za ngozi ni hicho cha beta kinachotawala, na kwamba hupungua kadiri melanoma inavyozidi kuwa nene na hatari. Katika titi kipokezi cha kwanza husukuma ukuaji. Katika ngozi hiki cha pili huelekea kuushikilia. Hapo ikaeleweka ni kwa nini kuibeba tiba ya titi na kuipachika kwenye ngozi hakukuzaa matunda.

Huggins hakuwahi kuyaona hayo. Baada ya kuacha uongozi wa maabara aliendelea na utafiti, na kati ya mwaka 1972 na 1979 alikuwa pia mkuu wa heshima wa Acadia, chuo alichokianzia. Mkewe Margaret alitangulia mwaka 1983. Yeye alifariki dunia nyumbani kwake Chicago Januari 12, 1997, akiwa na miaka 95.

Miaka mitano baada ya kifo chake, kemikali yake ya DMBA ilitumika kujibu swali la ngozi. Mwaka 2002 JoEllen Welsh na wenzake huko Marekani walichukua panya waliokosa kipokezi cha vitamini D, kitu ambacho kwa utendaji wake ni homoni, wakawapa DMBA kwa mdomo. Panya hao walipata uvimbe mwingi wa ngozi, tofauti na wenzao wenye kipokezi. Ilidhihirika kwamba katika ngozi kipo pia kipokezi kinacholinda.

Mwaka 2018 kundi la Todd Ridky la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kwamba kipokezi kingine cha estrojeni, kinachokaa pembezoni mwa seli na kiitwacho GPER, kikiamshwa huzifanya seli za melanoma za panya zikomae na kupunguza kasi ya kugawanyika. Tena, dawa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani zilifanya kazi vizuri zaidi kwa panya waliotibiwa hivyo.

Ni vema kutochanganya mambo hapa. Habari hizi ni za melanoma na za panya wa maabara. Saratani zinazowaandama watu wenye ualbino nchini Tanzania na kwingineko Afrika, ambazo kwa kawaida huanzia kwenye tabaka la juu la ngozi, adui yake mkubwa ni mwanga wa jua, na kinga yake ni kofia, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na uchunguzi wa mapema. Kwa Waafrika weusi melanoma hutokea mara chache, na inapotokea hupenda nyayo za miguu na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki na ambapo watu hawana desturi ya kujitazama.

Lakini swali la wanaume na wanawake, ambalo liliwasumbua mabingwa kwa muda mrefu, limeanza kufumbuliwa. Mwaka 2022 watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walichapisha matokeo yaliyowagusa wagonjwa wa melanoma yenye kasoro katika jeni ya BRAF, wanaotibiwa kwa vidonge vinavyoizuia kasoro hiyo. Wanawake waliitikia tiba vizuri kuliko wanaume. Walipokwenda kwa panya kutafuta sababu, waliona kwamba testosteroni na kipokezi chake huipa melanoma uwezo wa kuikaidi dawa.

Walikiziba kipokezi hicho, na tiba ikafanya kazi vizuri zaidi, kwa panya wa kiume na wa kike. Dawa ya kukiziba hawakulazimika kuibuni. Ni ya kundi lile lile ambalo tangu mwaka 2012, nchini Marekani na kwingineko, hupewa wanaume ambao saratani yao ya tezi dume imerudi baada ya homoni kuzimwa, wale ambao Huggins alijaribu kuwaokoa kwa kuondoa tezi za adrenali.